Mpika Halua Asiyeonja

Alfajiri, kabla ya punda wa kwanza kupita na mchanga wa ujenzi,
namtoboa kidole Mselem bin Shee, yaani mimi.
Tone la damu. Kimashine kinafikiri.
Nane nukta mbili. Alhamdulillahi.
Jana kumi na nne: nilinuna mpaka adhuhuri,
kana kwamba nambari ni jirani aliyenitukana.

Dawa yangu inalala ndani ya chungu,
chungu ndani ya mtungi, kati yao mchanga mbichi.
Stima za hapa Langoni zina hiari yao;
udongo haujawahi kukatika.
Nesi Dhahabu ndiye aliyenifunza:
leo tumbo kushoto, kesho kulia,
usirudie tundu.

Na kazi yangu ni halua.
Cheka. Wote hucheka.
Miaka thelathini na mitatu nakoroga sufuria ya shaba,
wanga, samli, iliki, zafarani,
sukari gunia kwa gunia,
na kumi na minane ya mwisho
sijalamba hata ncha ya mwiko.

Mwanzo nilionja, nisiseme uongo.
Kipande baada ya isha, "hiki cha kupima tu."
Nikanywa pipa la maji, kiu ikabaki palepale.
Mato yakaingia ukungu.
Kisha siku moja nikasikia harufu ya nyama jikoni,
nikauliza nani anachoma mishikaki,
na kaa lilikuwa chini ya unyayo wangu.

Kidole kimoja kimenitangulia makaburini.

Tangu hapo, kila jioni,
mjukuu wangu Somoe huja na kioo na tochi:
"Babu, nyosha maguu niyaone."
Hupekua kidole baada ya kidole kama mtu wa forodha.
Hapa pamepasuka. Hapa pakavu, pakae mafuta.
Kandambili hizi, tupa.
Mimi nisiyesikia msumari
nasikia mkono wake.
Au nadhani. Yatosha.

Ramadhani ndiyo ngumu.
Mji mzima umefunga, nami nyuma ya pazia
nanywa maji kama mwizi.
Mwaka wa kwanza nililia.
Ustadh Abdulmajid akaniambia:
"Ruhusa kakupa Mola, wewe waona haya kuipokea?
Lisha maskini, unyamaze."
Nalisha, siku kwa siku, nimenyamaza.
Ila pazia bado nalifunga.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu wangu nimempa.
Ananitembeza hadi Shela na kurudi, viatu vimefungwa.
Kanifunza mkate wa mofa mmoja, si mitatu,
na kusema "nimeshiba" harusini,
mbele ya mamake bibi harusi,
neno zito kuliko talaka.

Wateja huuliza: hujaonja, wajuaje?
Najua kwa sikio.
Halua changa hupiga kelele, povu jepesi, maneno mengi.
Ikikaribia, hunena polepole.
Ikiiva, mwiko huguna
na sufuria huachia ukingo.
Kisha namtazama Somoe anapoonja.
Nyusi zake hazijui kudanganya.

Lakini kuna siku nimetenda yote,
nimekula kwa saa, nimetembea, nimepima,
na bado yule mgeni anavunja jembe.
Ilikuwa mkesha wa Idi, oda kumi na saba.
Mikono ikaanza kutetemeka, jasho baridi,
kuta zikanisogelea.
Sikujua jina langu; Somoe alijua.
Akachota gunia lililo wazi,
akanitia kijiko mdomoni, na cha pili.

Sukari ileile.

Nikafumba mato.
Wallahi, ilikuwa tamu kuliko nilivyoikumbuka,
na haikuwa dhambi, ilikuwa dawa,
nikaiacha iyeyuke taratibu chini ya ulimi
huku mtoto akilia na kunipangusa kwa kanga,
akiniita, akiniita.

Niliporudi, neno la kwanza:
"Koroga, we!
Inashika chini."